Unaogelea maji baridi Nairobi? Chunga masikio kabla mfupa haujaota

Watu wangu wa kuogelea alfajiri, hasa kwa yale mabwawa hayapashwi moto na ni Julai baridi inauma, tafadhali nunueni vizibo vya masikio. Maji baridi yakiingia sikioni mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi, mfupa wa kuta za tundu la sikio unaanza kuota vinundu vigumu, polepole, bila uchungu, ndio maana mtu hajui mpaka tundu limebana. Hiyo si saratani, lakini maji na nta zinakwama huko ndani, sikio linaziba kila ukitoka kuogelea, linaanza kuwasha na kutoa usaha na mwishowe husikii vizuri. Wale wa kuteleza na ubao kwa mawimbi ya nchi baridi ndio huumia sana, juu maji yakiwa chini ya kama nyuzi 19 hatari inapanda, na upepo ukipiga sikio likiwa na maji linapoa zaidi. Si ugonjwa wa juzi, hata mafuvu ya Neanderthal, wale binadamu wa kale waliotoweka zamani, yamepatikana nao. Mombasa bahari ina joto, huko usiwe na wasiwasi sana na hii.

Sasa vizibo. Chukua vile laini vya silikoni vya kuogelea, si vya povu vya kuzuia kelele, hivyo vinanyonya maji. Kausha sikio kwanza, bandika kizibo kifunike mlango wa sikio, usikisukume ndani, alafu vaa kofia ya kuogelea juu yake ishike vizuri. Lakini ukienda kupiga mbizi ya kina kirefu toa, presha itaumiza ngoma ya sikio.

Ukitoka, inamisha kichwa, vuta sikio juu na nyuma maji yatoke, panguza na taulo na ufunike masikio kabla upande boda na upepo wote huo. Vijiti vya pamba wachana navyo kabisa, kwa tundu jembamba vinasukuma nta ndani na kukwaruza ngozi.

Kama sikio linaziba kila mara usikae ukinunua matone ovyo kwa duka la dawa, ona daktari wa masikio, pua na koo, atamulika tu ndani na ataona. Vinundu vidogo anavifuatilia tu. Vikiwa vimeziba sana ni upasuaji, mfupa unachongwa, alafu unakaa wiki kadhaa bila kuogelea, na ukirudi kwa baridi bila vizibo vinaweza kuota tena.