Mimbari Ikiwa Wazi: Jinsi ya Kumtafuta Mchungaji wa Kanisa Dogo

Nimekaa kwenye kamati ya kumtafuta mchungaji mara mbili, katika kanisa lile lile la mji mdogo. Mara ya kwanza tulimaliza kazi kwa miezi minne, tukapongezana, na mchungaji tuliyempata akaondoka kabla ya miaka miwili kutimia. Mara ya pili tulichukua mwaka na miezi mitatu, watu wakanung'unika sana, na yule tuliyempata yuko nasi hadi leo, mwaka wa tisa huu. Sitaki mtu aseme ni bahati. Mara ya kwanza tuliificha hali yetu, mara ya pili tukaisema.

Yapo makanisa ya Kipresbiteri ambako mchungaji hupangiwa kituo kutoka juu. Haya ninayaandika kwa ushirika unaomwita mchungaji wake wenyewe.

Kabla ya kutangaza lolote

Mchungaji akishatangaza kwamba anaondoka, swali linalozunguka ni moja: "Nani anakuja?" Msianze nalo. Mwageni vizuri anayekwenda, na akienda awe amekwenda. Asiitwe tena kuzika, kubatiza, wala kuishauri kamati, hata kama mlimpenda kama baba. Mgeni atapata shida kulea kundi ambalo kila likiumwa linampigia simu mchungaji wa zamani.

Kisha nendeni presbiteri mapema, yaani baraza la wachungaji na wazee linalosimamia makanisa ya eneo lenu. Kwa utaratibu wetu ushirika hauiti mchungaji peke yake, na presbiteri haiulazimishi ushirika kumpokea mtu usiyemtaka. Lazima pande zote mbili zikubali. Mchungaji mwenyewe huwajibika kwa presbiteri, si kwa baraza lenu la wazee. Ombeni ruhusa ya kutafuta, na ombeni mchungaji msimamizi atakayeongoza baraza la wazee kipindi hiki.

Hapo hapo pigeni hesabu ya fedha, na mpige kwa ukweli. Kumwita mchungaji ni zaidi ya mshahara. Kuna nyumba, pensheni, matibabu, usafiri, likizo ya mwaka na muda wa masomo. Sadaka zenu zisipotosha, kuna njia za heshima: kushirikiana mchungaji na kanisa jirani, au kumwita wa nusu muda na kuandika wazi siku zipi ni zake. Lisilo la heshima ni kuahidi mshahara kamili mkitumaini kwamba akija watu wataongezeka na sadaka itapanda. Huko ni kumbebesha mtu deni lenu kabla hajafungua mizigo.

Kamati

Ichaguliwe na washirika katika mkutano wao, si kuteuliwa na wazee wachache. Saba wanatosha kwa kanisa dogo. Awepo kijana, awepo aliyejiunga karibuni, awepo mtu anayefanya kazi ambazo hazionekani: kufungua milango, kufagia, kupanga viti. Mume na mke wasikae pamoja kwenye kamati moja.

Mara ya pili, kikao chetu cha kwanza kilikuwa baridi. Watu walikuja wamechoka na kazi zao, wengine wakitazama saa. Nikawasimulia habari ya Uskochi. Mwaka 1560 wanamatengenezo wa kanisa la kule, yaani waliolibadilisha kanisa, John Knox akiwa mmoja wao, waliandika kwamba ni haki ya kila ushirika kumchagua mchungaji wake. Haki hiyo ilipokonywa baadaye: sheria ya mwanzoni mwa karne ya 18 iliwapa wenye mashamba makubwa na mabwana wengine uwezo wa kuwapangia watu mchungaji. Ugomvi huo ulitokota zaidi ya miaka 100, hata mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 wakatoka katika kanisa la taifa, Thomas Chalmers akiwaongoza, wakaacha mishahara na nyumba walizokuwa wakiishi na familia zao. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1874. Nilipomaliza, mama mmoja upande wa dirisha alisema, "Kumbe kura hii watu waliilipia." Hakuna aliyetazama saa tena jioni ile.

Andikeni habari zenu, na mseme kweli

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila kamati huandika maelezo ya ushirika wake ili wagombea wayasome, na karibu kila kamati huandika kama mtu anayeposa. Ya kwetu ya mwanzo yalisema "ushirika hai, wenye upendo na vijana wengi." Vijana walikuwa kumi na mmoja, na sita kati yao walikuwa wa nyumba moja. Deni la paa hatukulitaja. Wala hatukutaja kwamba familia mbili kubwa hazikuwa zikisalimiana tangu ugomvi wa kinanda. Mchungaji aliyagundua yote ndani ya miezi mitatu. Siku moja aliniuliza, kwa upole sana, "Mzee, mlifikiri sitaona?" Sikuwa na jibu, na swali lile halijanitoka hadi leo.

Mara ya pili tulifanya hivi. Jumapili nne mfululizo mtu mmoja alikaa nyuma akahesabu vichwa, na hesabu hiyo ndiyo tuliyoiandika, si idadi ya daftari. Tuliwatembelea wazee na wagonjwa majumbani, maana wao hawaji mikutanoni, tukawauliza: "Mchungaji gani alikusaidia, na alifanya nini hasa?" Msiwaulize watu wanataka mchungaji wa namna gani. Watawaambia kijana mwenye uzoefu wa miaka mingi, mwenye mke na watoto wawili. Ila ukiwauliza walisaidiwa na nini, majibu huwa tofauti kabisa. Bibi mmoja alisema, "Alikuja akakaa. Hakuwa na haraka." Maneno kama hayo tuliyasikia katika nyumba tano, tukajua tunachokitafuta.

Deni tuliliandika kwa tarakimu. Ugomvi tuliuandika kwa sentensi mbili bila majina. Wagombea watatu walijitoa baada ya kusoma. Waliobaki walikuwa watu ambao hawakuogopa.

Kusikiliza, kuuliza, kunyamaza

Msimpime mtu kwa hubiri moja. Sikilizeni matatu au zaidi, na moja liwe la Jumapili ya kawaida, si la sikukuu. Ni vizuri pia kumwomba ahubiri katika kanisa la tatu, lisilo lake wala lenu, kamati ikaenda kusikiliza bila kelele. Mimi husikiliza zaidi maombi kuliko hubiri. Hubiri mtu huliandaa wiki nzima, lakini akiwaombea wagonjwa utasikia kama anawajua.

Kwenye mahojiano ombeni masimulizi, si maoni. "Tueleze mazishi yaliyokuwa magumu kwako." "Mara ya mwisho ulipokosana na mzee wa kanisa, mlimalizaje?" Naye apewe muda sawa wa kuwauliza ninyi. Asiyeuliza kitu, mimi hunitia wasiwasi.

Wadhamini wapigiwe simu, barua hazitoshi. Swali langu la mwisho huwa: "Ungependa awe mchungaji wako tena?" Halafu nanyamaza. Mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema mambo mazuri mengi yasiyojibu swali. Tulielewa.

Na siri. Katika mji mdogo habari hutembea kuliko gari. Mara ya kwanza mmoja wetu alimwambia mwenzi wake tu, na siku nne baadaye ushirika wa mgombea ulijua kwamba mchungaji wao anatafuta kwingine, kabla yeye mwenyewe hajawaambia. Alijitoa, na nyumbani kwake tulimwachia jeraha. Tangu hapo jina la mgombea haliandikwi wala halitajwi nje ya chumba cha kikao, hata kwa wazee wenzetu.

Kura na siku za mwanzo

Leteni jina moja mbele ya washirika. Ukileta mawili unaligawa kanisa. Mgombea aongoze ibada, kisha atoke, mchungaji msimamizi aongoze mkutano, na kura iwe ya siri. Kura zikiwa nusu kwa nusu, hata akishinda kwa chache, mwambieni ukweli na idadi kamili. Masharti yote ya wito yapigiwe kura na yaandikwe, ndipo presbiteri ithibitishe na kupanga siku ya kumsimika.

Kabla hajahamia, kamati nzima iingie katika nyumba ya mchungaji. Fungueni kila bomba, washeni kila taa, laleni juu ya godoro. Sisi tulikuta maji ya jikoni yanatoka mekundu kwa dakika nzima. Fundi alikuja siku ile ile.

Halafu kamati isivunjwe upesi. Sisi tuliendelea kukutana naye mara moja kwa mwezi kwa nusu mwaka, kumwambia nani ni ndugu ya nani na nani amefiwa. Aliyekuja alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, ambaye hakuna aliyemwota. Kikao cha kwanza alifungua yale maelezo yetu, yakiwa yamepigiwa mistari kwa kalamu, akaweka kidole kwenye zile sentensi mbili za ugomvi, akasema, "Nianzie nyumba gani?"