Kuchagua mtaa wa kulea watoto Berlin

Familia ya Moshi au Arusha ikipata kazi au masomo Berlin, swali linalonifikia ni lile lile: dada, mtaa gani mzuri? Nami huuliza kwanza mtoto ana umri gani. Nimelea wanangu kule kabla ya kurudi huku Rau, Moshi, na sioni namna ya kuchagua nyumba kabla hujajua mtoto atashinda wapi mchana.

Kama anakaribia miaka sita, ingia kwenye tovuti ya jiji, andika barabara na namba ya nyumba, utaona shule ya msingi ya eneo hilo. Kule anwani ndiyo inayompangia mtoto shule ya serikali. Huku mtoto wa Pasua anaweza kupanda basi la shule alfajiri akasome upande mwingine kabisa wa mji. Berlin usitegemee hivyo. Na shule ya msingi inafika darasa la sita, ni miaka mingi. Kama bado mdogo, utatafuta Kita, yaani chekechea ya kutwa. Mtoto ana haki ya nafasi akishatimiza mwaka mmoja, na Berlin ilifuta ada mwaka 2018, unachangia chakula tu. Lakini kuwa na haki hakukuhakikishii nafasi mtaani kwako, kwa hiyo zipigie simu Kita za jirani kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Halafu itembee njia ya shule kwa miguu, saa moja na nusu asubuhi, siku ya kazi. Katikati ya Desemba jua la Berlin huchomoza saa mbili imepita na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mwanao ataondoka nyumbani gizani. Hesabu barabara kubwa za kuvuka. Angalia taa za waenda kwa miguu na reli za tramu. Ukiona watoto wa miaka saba au minane wanakwenda wenyewe, begi kubwa mgongoni, jua kwamba wazazi wa hapo wanauamini mtaa wao. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Prenzlauer Berg imejaa viwanja vya watoto, ila kodi yake inauma. Friedenau na Steglitz zimetulia, na mwenye watoto wawili au watatu ningemwelekeza huko. Mtaa uitwao Wedding kuna msitu na nyasi za bustani ya umma ya Volkspark Rehberge, na jirani yake zipo barabara za Sansibarstraße, Usambarastraße na, tangu 2024, Maji-Maji-Allee. Mtoto wetu akipita pale ana haki ya kusimuliwa kwa nini majina hayo yako huko. Usiogope pia kukaa nje ya reli ya treni inayozunguka katikati ya jiji, maana wanafunzi wa shule za Berlin husafiri bure kwa usafiri wa umma kanda A na B, yaani ndani ya reli hiyo na nje yake hadi mpaka wa jiji.

Sasa tangazo la nyumba. Wakiandika vyumba vitatu, sebule imo ndani ya hesabu: vya kulala ni viwili. Kodi iitwayo kalt haijumuishi gharama za kupasha nyumba joto wala za jengo. Linganisha nyumba kwa ile ya warm, yenye hizo zote ndani, na uulize umeme, maana kwa kawaida unaulipia mwenyewe. Uliza kama jiko limo. Nyumba nyingine hukabidhiwa bila sinki wala jiko la kupikia. Majengo ya zamani ni mazuri, dari ziko juu, lakini mengi hayana lifti, na kupandisha kigari cha mtoto ghorofa ya nne kila siku ni kazi ya kuumiza mgongo.

Kodi hulipwa kwa mwezi, hakuna kutoa ya miezi sita kwa mkupuo. Dhamana haizidi kodi kalt ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Tangu 2015 dalali analipwa na aliyemwita. Akiwa ni wa mwenye nyumba, asikudai. Na usitume senti kabla wewe au ndugu unayemwamini hajaingia ndani akaiona nyumba.