Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuruka Usiku, Hewa Mbaya na Mafuta ya Kubana

Nimekaa kiti cha mwongoza njia katika ndege za uchukuzi za jeshi kwa miaka mingi, na haya nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii. Someni taarifa ya hali ya hewa ya mnakokwenda, ya njiani na ya uwanja wa akiba, yaani ule mtakaotua wa kwanza ukifungwa, wala msikubali iliyotolewa asubuhi kwa safari ya usiku. Msiridhike na mshale wa mafuta peke yake; tangi lipimwe kwa kijiti. Uwanja wa akiba uwe mbali kiasi kwamba wingu lililofunga uwanja wa kwanza haliwezi kuufunga na wa pili.

Kabla ya kuwasha injini, andikeni pia saa mnayotarajia kufika, na mkubaliane mtafanya nini saa hiyo ikipita bila kuziona taa za uwanja. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tarehe 4 Aprili 1943, ndege ya Marekani aina ya B-24 iliyoitwa Lady Be Good iliruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi nchini Libya, kwenda kushambulia bandari ya Naples. Siku hiyo kulikuwa na dhoruba ya mchanga, ndege zikatawanyika, na hiyo ikarudi peke yake usiku. Ndani walikuwamo watu tisa chini ya rubani William Hatton, wakiwa katika safari yao ya kwanza ya vita pamoja. Saa sita usiku ilipokwisha kupita, waliomba kwa redio wapewe mwelekeo, nao wakapewa. Lakini kipimo kile kilionyesha mstari tu, hakikuweza kutofautisha ndege inayokuja na ile iliyokwisha kupita. Wao walikuwa wamekwisha kupita. Usiku, ukiwa juu, giza la bahari na giza la jangwa havitofautiani, hivyo waliendelea kusini kwa takriban saa mbili hadi mafuta yakakaribia kwisha, wakaruka kwa miamvuli zaidi ya kilomita 600 ndani ya jangwa. Mwamvuli wa mmoja haukufunguka sawasawa. Wanane walianza kutembea kuelekea kaskazini wakiwa na nusu chupa ya maji, na shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inakoma tarehe 12 Aprili. Ndege yenyewe ilikuwa imejishusha mchangani kilomita 26 hivi kusini mwao. Ilipofikiwa mwaka 1959, maji yalikuwamo na redio ilikuwa bado inafanya kazi. Hakuna hata mmoja aliyepona.

Siwalaumu, kwa sababu nami nimewahi kunyamaza. Ilikuwa masika, tunarudi kutoka kupeleka chakula cha msaada, na karatasi iliyofungwa gotini kwangu ilisema tufike saa 1:40 usiku. Saa 1:48 kioo cha mbele kilikuwa kimejaa wingu, hakuna taa hata moja, na mimi nilikuwa nimekandamiza penseli juu ya ile namba mpaka ncha ikavunjika, ila mdomo haukufunguka, maana rubani alinizidi vyeo vitatu. Aliyesema ni fundi wa ndege: “Afande, muda umepita.” Tukageuka, na taa zikaonekana mle mle tulimotoka. Injini ya kulia ilizimika ndege ikiwa bado inatembea ardhini kuelekea maegesho.

Kwa hiyo mteueni mapema mtu mmoja wa kutamka maneno hayo, kwa jina lake, mbele ya wote, na rubani mkuu aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kuyasikia. Andikeni vilevile kiasi cha mafuta ambacho kikifika mnaelekea uwanja wa akiba bila mjadala, hata kama mnadhani zimebaki dakika tano tu. Mwelekeo mliopewa kwa redio upimeni tena baada ya dakika chache, muone kama mnakaribia au mnaachana. Saa za mkononi zilinganishwe kabla ya kupanda. Kila mtu awe na maji na tochi mwilini, si ndani ya begi lililoko nyuma, na upepo wa nyuma msiufurahie mpaka mmeuhesabu.