Kulinganisha uzito wa tela na nguvu ya pikapu

Anayetaka kutoka Arusha kwenda Karatu na tela la kulala asianze na bei ya tela, bali na kitabu cha gari, kwa kuwa humo ndimo ulimoandikwa uzito ambao pikapu inaruhusiwa kuvuta, na mara nyingi tela lisilo na breki zake lenyewe huruhusiwa hadi kilo 750 tu.

Kinachosahaulika zaidi ni uzito wa jumla wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme kikomo chake ni kilo 5,500, na pikapu yenye abiria, mafuta na mizigo imefika kilo 2,900: tela halipaswi kuzidi kilo 2,600, hata kama muuzaji anasifia uwezo wa kuvuta kilo 3,500.

Tela lipimwe kwenye mizani likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, si likiwa tupu. Tangi la lita 120 likijazwa maji huongeza kilo 120, na bado hujaweka mtungi wa gesi, betri na vyombo. Takribani asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa hukaa kwenye kiungio cha nyuma ya pikapu, hivyo tela la kilo 1,500 huikandamiza pikapu kwa kilo 150, ambazo huhesabiwa kama mzigo wake.

Bakiza nafasi ya kutosha chini ya kikomo, kwani ule mlima baada ya mji wa Mto wa Mbu, njiani kwenda Karatu, huchosha injini wakati wa kupanda na breki wakati wa kushuka.