Dizeli ikipanda tunabaki na nini? Kuweka slaida za gharama kwenye Power BI

Wadau mnaopiga hesabu kwenye kampuni za utalii hapa Arusha, hili swali mnalijua. Bosi anasimama mlangoni funguo mkononi, "dizeli ikipanda tena tunabaki na nini?", na wewe unafungua Excel unabadilisha namba moja moja mpaka una mafaili sita yote yanaitwa mwisho kabisa. Mi nilichoka nikahamia Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya ripoti na chati, ni ya bure ila inataka Windows.

Kabla ya slaida (kile kitelezi unachosogeza kubadilisha namba) panga data. Jedwali la Gharama, kila malipo mstari wake, na kolamu za tarehe, Aina (dizeli, viingilio vya hifadhi, loji, posho ya dereva), Kiasi na Sarafu. Hiyo ya Sarafu usiiruke, utaona mbele kwa nini. Mauzo yakae jedwali lake, kwa dola kama mgeni alivyolipa.

Sasa nenda Modeling, New parameter, chagua Numeric range. Ya kwanza iite Panda Dizeli, aina ya namba iwe desimali, chini -0.2, juu 0.4, hatua 0.01, namba ya kuanzia weka 0. Ya pili Bei Dola, chini 2300, juu 2900, hatua 10, ya kuanzia weka bei mnayotumia ofisini. Usijifanye fundi ukaweka hatua ya nusu shilingi, paramita ikizidi namba 1000 Power BI inachagua baadhi tu na utashangaa namba unayoitaka haipo. Slaida inatokea yenyewe kwenye ukurasa, na mezha (measure, yaani fomula inayopiga hesabu upya kila ukigusa slaida) inatengenezwa yenye jina hilohilo na neno Value mwishoni.

Halafu andika mezha zako:

Mapato = SUM(Mauzo[Dola]) * [Bei Dola Value]

Gharama Dola = CALCULATE(SUM(Gharama[Kiasi]), Gharama[Sarafu] = "USD") * [Bei Dola Value]

Dizeli = CALCULATE(SUM(Gharama[Kiasi]), Gharama[Aina] = "Dizeli") * (1 + [Panda Dizeli Value])

Nyingine = CALCULATE(SUM(Gharama[Kiasi]), Gharama[Sarafu] = "TZS", Gharama[Aina] <> "Dizeli")

Faida ni ya kwanza toa hizo tatu. Ziwe mezha kweli, sio kolamu, maana kolamu inakokotolewa data ikirifreshiwa tu, utasogeza slaida mpaka kidole kiume na namba haitikisiki.

Ona kwenye Mapato nimezidisha na bei ya dola pia. Hapa ndo wengi tunapigwa. Tuseme safari moja ya siku nne, Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, wageni wamelipa dola 4,800, hifadhi na loji zimekula dola 2,900, dizeli laki tano, posho na mengine ya shilingi milioni 1.4. Dola ikiwa 2500 faida ni 2,850,000. Peleka slaida 2700, ukiwa umeigusa gharama peke yake inakuonyesha 2,270,000, bosi anaanza kuongelea kupunguza madereva. Ukigusa pande zote mbili inapanda mpaka 3,230,000, kwa sababu wageni wanalipa dola na dereva analipwa shilingi. Rudisha 2300 sasa, inashuka 2,470,000. Yaani sisi dola ikishuka ndo tunaumia! Na dizeli yenyewe ikipanda asilimia 20 nzima inakula laki moja tu kwenye safari hiyo. Bosi alinyamaza kidogo halafu akasema "mbona tunagombana na madereva kila siku kuhusu sheli", nikaona bora nisijibu.

Ila usizisogeze slaida mojamoja tu ukaridhika. Mafuta tunaagiza nje kwa dola, dola ikipanda na dizeli huwa inafuata, kwa hiyo zijaribu zikiwa zimepanda pamoja.

Ishu nyingine ilinitoa jasho kwenye kikao. Nilikuwa nimeacha namba ya kuanzia ya dola wazi, na mtu akawa amefuta chaguo kwenye slaida. Bei ikawa tupu, na Power BI ukizidisha na tupu unapata tupu, na mimi enzi hizo Mapato nilikuwa bado nachukua shilingi za benki moja kwa moja. Basi viingilio na loji zote zikayeyuka na faida ikapaa, watu wanapongezana, mi nimekaa najiuliza mbona tumekuwa matajiri ghafla. Jaza hiyo namba ya kuanzia. Na pembeni weka kadi inayoonyesha kila slaida iko kwenye namba gani, hasa kama picha ya dashibodi inarushwa WhatsApp, maana ikifika kule hakuna anayejua hiyo faida ni ya kweli au ya kujaribia.

Weka pia mezha ya faida halisi isiyogusa slaida, zikae bega kwa bega kwenye chati ya miezi.

EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta, wakishatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, mi nasogeza slaida ya dizeli niione safari zinazokuja zimekaaje, risiti za sheli zikiingia kwenye jedwali nairudisha sifuri. Ukisahau kuirudisha unapandisha bei mara mbili.