Kabla ya Kuota Chuo cha Marekani, Leta Buletini

Nafundisha basketi huku Kenya, komini (sehemu ya mji) ya Lubumbashi, Kongo, siyo nchi. Kila kijana mrefu ananiuliza njia ya chuo cha Marekani. Anza na buletini, yaani karatasi za matokeo ya shule. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa daraja la kwanza inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari. Buletini zangu nilizificha chini ya godoro, panya wakala mihuri. Wewe zifunge kwenye nailoni, uzitundike juu. Kisha Kiingereza, kila jioni. Kwenye video ya kuwatumia makocha wa vyuo onyesha unavyorudi kukaba, danki, kupachika mpira ringini kwa mkono, tumezichoka. Dikembe Mutombo, mchezaji wetu Mkongo, alifika chuo cha Georgetown 1987 akitaka udaktari. Denver, timu ya NBA, ligi kuu ya Marekani, ikamchukua 1991. Bismack Biyombo, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, alifika NBA kupitia Hispania bila chuo. Mtu akikuomba pesa ya kukutafutia nafasi, niletee karatasi zake kwanza nizisome.