Kununua nyumba kubwa peke yako, pembezoni mwa mji penye miti

Usiikague mchana tu. Mimi nilirudi usiku, nikazima taa za gari, nikasikiliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba ningeweza kulala humo peke yangu. Rudi tena baada ya mvua. Panda ngazi uangalie mifereji ya paa: niliyoikuta mimi ilijaa majani yaliyooza, na ubao wa ukingoni ulibonyea kwa kidole kama sponji. Uliza shimo la majitaka liko wapi na lilinyonywa lini, maana mizizi ya miti mikubwa huingia kwenye mabomba. Hati na mipaka akague wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Halafu piga hesabu ya matunzo kwa mshahara mmoja, na umtafute mapema jirani wa kumwachia ufunguo wa akiba.